Seva iko Tanga, mimi niko Dar: nilivyoiwekea Proxmox mtandao

Ofisi niliyoifungia seva iko Tanga, na mimi naishi Dar es Salaam, kilomita kama 350. Bosi alishasema nauli ni ya safari moja tu. Seva kuwaka peke yake kusingenisaidia. Nikishapanda basi la kurudi, lazima niweze kuisimamia nikiwa nyumbani.

Mashine ni Dell PowerEdge R730 ya mtumba. Nyuma ina poti nne za mtandao, na ya tano imejitenga, hiyo ni ya iDRAC, kompyuta ndogo ndani ya seva inayokuwezesha kuisimamia ukiwa mbali hata mfumo wake ukikwama. Nikaweka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja), kwa flashi huku nikibofya "endelea, endelea" kama kawaida yetu mafundi. Programu haikupata anwani kutoka kwenye ruta, ikanipendekezea 192.168.100.2, nami nikakubali bila kusoma. Kumbe anwani za mtandao wa ofisi huanza na 192.168.1, kwa hiyo hazikuwa mtandao mmoja. Skrini ikanielekeza kwa mbwembwe nifungue https://192.168.100.2:8006, laptopu ikazunguka weee, wapi.

Nikaingia kama root, mtumiaji mkuu, palepale kwenye kibodi, nikafungua /etc/network/interfaces kwa nano. Humo kuna vmbr0, daraja ambalo seva na mashine pepe zote hupitia. Anwani inakaa kwenye daraja, haikai kwenye kadi:

address 192.168.1.20/24
gateway 192.168.1.1
bridge-ports eno1

Nikapiga ifreload -a ili mabadiliko yashike, nikaipigia ruta pingi, yaani kuiuliza kama inanisikia. Kimya.

Dada wa mapokezi akachungulia. "Fundi, mbona taa zinawaka?"

Kweli zilikuwa zinawaka, lakini kwenye tundu lipi? Nikaandika ip link. eno1, kadi ya kwanza, ikasomeka NO-CARRIER, yaani haioni waya ulio hai, nyingine zote DOWN. Hiyo DOWN ndiyo iliyonipotezea nusu saa nzima: kadi ambayo mfumo haujaiwasha husomeka hivyo hata kama waya umekaa barabara. Nikaziwasha moja moja, ip link set eno2 up, kisha eno3, kisha eno4. Ya nne ikaitika. Nilikuwa nimehesabu matundu kuanzia upande usio wake! Faili sikuligusa, nikahamisha waya tu, pingi zikaanza kurudi.

Ajabu, skrini bado ikang'ang'ania 192.168.100.2. Maandishi yale yanafuata /etc/hosts, kwa hiyo nako nikabadilisha, nikawasha mashine upya. Kivinjari kikalalamikia cheti, nikapita, maana seva imejisainia yenyewe. Nikaingia kwa Linux PAM, yaani akaunti ileile ya root ya mfumo wenyewe.

Ikabaki njia ya mbali. iDRAC ya mashine hizi huja na 192.168.0.120, jina root, paswedi calvin, na dunia nzima inaijua. Nikabadilisha paswedi kabla hata ya chai, nikaipa 192.168.1.21. Leseni yake ni Enterprise, kwa hiyo skrini ya seva naiona ndani ya kivinjari. Poti 8006 sikuifungua kwenye intaneti, napita kwa WireGuard, ambayo ni VPN, njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Nusura niiweke WireGuard ndani ya mashine pepe, kwenye seva ileile! Daraja likianguka, VPN inaanguka nalo, na iDRAC unaisikia redioni. Nikaiweka kwenye ruta ya MikroTik, ambayo mfumo wake, RouterOS, ni toleo la 7, lenye WireGuard ndani yake.

Wiki mbili baadaye, saa nne usiku, nikiwa Dar, nikagusa vmbr0 ili niongeze VLAN, mtandao uliotengwa ndani ya waya uleule. Ukurasa ukaganda. Nikafungua 192.168.1.21, skrini ya Tanga ikatokea mbele yangu, nikasoma faili mstari kwa mstari hadi nikaliona: nimeandika en01, kwa sifuri. Nikarudisha o, ifreload -a, mashine pepe zikarudi hewani.

Asubuhi dada wa mapokezi akapiga simu. Nikajua nimeumbuka. Kumbe alitaka kujua lini nitakwenda kuwaunganishia printa.