Nilivyochora data za SACCOS kabla ya kutengeneza jedwali hata moja

Kazi ilikuwa kupanga kanzidata ya SACCOS ya wafanyakazi. Kwanza nilikusanya makaratasi ya ofisi: daftari la wanachama, fomu za mkopo, stakabadhi na orodha ya makato ya mishahara kutoka kwa mwajiri. Kila nomino nikaipigia mstari.

Nomino nyingi si entiti, yaani kitu ambacho kanzidata inakitunzia kumbukumbu zake chenyewe. Kila moja niliipima kwa maswali mawili: je, kitu hiki kinatambulika chenyewe, mbali na wenzake? Je, ofisi inatunza habari zaidi ya moja kukihusu? Mwanachama na Mkopo vilipita. Namba ya simu ni sifa ya mwanachama tu. Salio nililiondoa kabisa, kwa sababu hupatikana kwa kukokotoa miamala. Ukilihifadhi pembeni, ipo siku litapingana na miamala yenyewe.

Kitambulisho nilichochagua ni namba ya uanachama. Simu hubadilika, majina hufanana, na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 si kila mtu anayo siku anapojiunga.

Penye kazi hasa ni kwa wadhamini. Fomu ina nafasi tatu, Mdhamini wa 1, wa 2 na wa 3, na ni rahisi kushawishika kuzihamishia kwenye Mkopo kama zilivyo. Usifanye hivyo. Akitokea mdhamini wa nne hana pa kukaa, na kamati ya mikopo ikiuliza, "Huyu ameshadhamini mikopo mingapi?" itabidi kupekua safu tatu. Kumpa Mdhamini entiti yake peke yake nako hakufai: ni mwanachama yuleyule katika jukumu jingine. Simu yake itaandikwa mara mbili, na akiibadilisha itasahihishwa upande mmoja.

Uhusiano niliusoma kwa sauti pande zote mbili, kima cha chini na cha juu. Mkopo hudhaminiwa na mwanachama mmoja au zaidi. Mwanachama anaweza asidhamini mkopo wowote, au akadhamini mingi. Basi kiasi alichodhamini kiandikwe wapi? Si kwa mwanachama, maana hutofautiana mkopo hadi mkopo. Si kwenye mkopo, maana kila mdhamini ana kiasi chake. Kiko pale wawili hao wanapokutana, nami nikaweka hapo entiti ya Dhamana: kiasi, tarehe ya kusaini, tarehe ya kuachiliwa. Sharti kwamba mtu hajidhamini mwenyewe mchoro hauwezi kulionyesha, kwa hiyo niliandika pembeni.

Malipo yana fundo kama hilo. Mwajiri hutuma makato ya watu wote kwa mkupuo, hivyo kati ya Malipo na Mkopo nikaweka Mgawo, yaani sehemu ya malipo hayo inayokwenda kwenye kila mkopo. Ratiba ya marejesho nayo ibaki peke yake: hiyo ni deni linalotarajiwa, malipo ni fedha zilizofika. Ukivichanganya, aliyeleta nusu ya rejesho hana mahali pa kuandikwa.

Nilichora kwa alama za mguu wa kunguru, yaani mstari ambao ncha yake hugawanyika mara tatu upande wenye vingi, badala ya almasi ambazo Peter Chen alizitumia mwaka 1976 kuonyesha uhusiano, kwa kuwa alama hizo zinachukua nafasi ndogo na kamati inazisoma haraka.

Kisha nilijaribu mchoro kwa mafaili magumu: mwanachama aliyefariki, mdhamini aliyebadilishwa, mkopo uliolipwa kwa kukopa upya. Hilo la mwisho lilidai mstari mwingine, Mkopo ukihusiana na Mkopo, ili ule mpya uonyeshe ni upi wa zamani ulioufunga.