Cheti cha udhamini hakina mhuri

Mwezi uliopita binamu yangu wa Muheza alinitumia kwa WhatsApp picha ya karatasi yenye nembo ya taji, mhuri mwekundu na sahihi ya wino, akaniuliza: "Dada, hiki ndicho cheti cha udhamini chenyewe?" Wakala aliyemwahidi kazi Uingereza alikuwa amekwisha kupokea arbuni ya shilingi milioni tatu. Nilimjibu kwamba ule mhuri ndio ulionitia shaka kwanza, kwa sababu cheti cha udhamini cha Uingereza, ambacho mwajiri humpa mgeni ili aombe viza ya kazi, japo kinaitwa cheti, si karatasi bali ni namba inayotolewa katika mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Mambo ya Ndani, ikibeba jina la mwajiri, aina ya kazi na mshahara. Mwajiri mwenyewe sharti awe na leseni ya kudhamini wageni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Tulilitafuta jina la kampuni iliyosemekana itamwajiri, hatukulikuta.

Hata lingekuwamo, kazi aliyoahidiwa ya kutunza wazee haina tena njia ya viza kwa mtu aliye nje. Iliingizwa katika viza ya wafanyakazi wa afya Februari 2022, nyumba za wazee zilipokuwa zikihangaika kupata watu. Tangu tarehe 11 Machi 2024 waombaji wapya wa kazi hiyo wakazuiwa kuja na mume, mke au watoto, na tarehe 22 Julai 2025 uajiri kutoka ng'ambo ukafungwa.

Mimi nilifika Leeds, Uingereza, mwaka 2023 kwa viza hiyohiyo, nikidhani kwamba viza ya miaka mitatu ni miaka mitatu. Kumbe ruhusa ile ilifungamana na mwajiri mmoja tu, na kampuni yangu iliponyang'anywa leseni, kwa makosa ambayo sisi wafanyakazi hatukuyajua, nililetewa barua ya kunipa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Niliibandika kwenye mlango wa friji, nikawa nakata siku kwa kalamu kila nitoapo maziwa ya chai. Kumpata mwajiri hakutoshi: ni lazima akupe namba mpya, uombe viza upya, kisha usubiri jibu kabla ya kuanza kazi kwake. Niliwasilisha ombi siku ya 52. Anayewahi kuomba kabla ya muda kwisha hubaki nchini kihalali hadi jibu litoke, ila chumba hakisubiri jibu, na akiba yangu yote iliishia kwenye kodi.

Kwa kuwa nilikwisha kuyapitia hayo, nikaikagua na ankara ambayo wakala alimpa binamu yangu. Alikuwa ameweka ada ya huduma za afya inayotozwa waombaji wa viza, ambayo wenye viza ya wafanyakazi wa afya wamesamehewa, pamoja na gharama ya cheti, ambayo tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi. Lililoniuma zaidi ni kwamba binamu yangu ni muuguzi mwenye stashahada, na wauguzi bado wana njia yao: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta unaofanyika ukiwa bado nje, kisha wa vitendo Uingereza, ndipo usajili kamili katika baraza la wauguzi na wakunga. Nilimwambia adai arbuni yake kwanza.

"Dada," akaandika, "simu yake haipatikani tangu juzi."