Waganda wamepata kiti, sisi je?

Jumapili usiku, Sinza

Mjadala wa Buganda umerudi kijiweni. Nilidhani ulikwisha, kumbe ulikuwa umelala tu. Safari hii aliyeuamsha ni dogo wa jirani anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Kaupata mchezo wa kompyuta wa Civilization VII juzijuzi kwa bei ya punguzo, na tangu hapo hana habari nyingine. Kacheza usiku kucha mpaka kaingia Enzi ya Kisasa, mchezo ukamtaka achague taifa la kuendelea nalo, na kwenye orodha akaiona Buganda. Leo jioni, kabla hata hajakaa vizuri kwenye benchi, akauliza: "Kaka zangu, kama Waganda wamo, sisi tumekosa nini?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Swali hilo kila mmoja wetu analo tangu utotoni, tangu enzi za kucheza kwenye kompyuta za kuazima.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: unachukua taifa na kiongozi, unajenga miji, unalima, unafanya biashara, unapigana, zamu kwa zamu, kuanzia kale mpaka karne ya ishirini. Katika toleo hili la saba kuna enzi tatu, na lilivyotoka, kila enzi ikiisha unabadilisha taifa. Unaweza kuanza na watu hawa ukamalizia na wale. Ndiyo maana kila taifa jipya likitangazwa mashabiki duniani kote hawalali. Wanahesabu nani kaingia, nani kaachwa, nani kapewa jirani asiyemfaa.

Nakumbuka vizuri Agosti 2024. Firaxis, kampuni ya Kimarekani inayoutengeneza, ilionyesha mchezo wenyewe kwenye maonyesho ya Gamescom kule Cologne, Ujerumani. Mfano waliotoa wa safari ya enzi tatu ulikuwa huu: unaanza na Misri, unakuwa Songhai, unamalizia na Buganda. Na kama ukiwa Misri umepata farasi wa kutosha, unaweza kugeuka Mongolia. Hapo ndipo moto ulipowaka. Wapo waliokataa kabisa habari ya kubadilisha taifa. Wapo waliouliza Buganda ni nini na iko wapi. Na wapo, wengi wao Waafrika na wapenda historia ya Afrika, waliofurahi na kukasirika kwa pumzi moja.

Mimi nilikuwa katika hao wa mwisho, na bado nimo. Furaha kwanza. Taifa la hapa Maziwa Makuu kuwekwa kwenye mchezo mkubwa kama huu tangu siku ya kwanza, tena katika Enzi ya Kisasa, si jambo dogo. Tumezoea kuona Afrika ikiishia kwenye mapiramidi, na ikivuka hapo basi ni Shaka na mikuki yake. Kumwona Kabaka, mfalme wa Buganda, amekaa safu moja na Prussia na Meiji Japani, wakati wa reli na viwanda, kulinipa raha ambayo sikujua nilikuwa naisubiri.

Hasira nayo ina sababu. Songhai ilikuwa dola ya mto Niger, mji wake mkuu Gao, na nguvu yake ilivunjwa mwaka 1591 na jeshi la Morocco lililokuja na bunduki. Kutoka Gao mpaka Kampala ni takriban kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka. Watu wa Gao na watu wa Mengo, makao ya Kabaka, hawakuwahi kuamkiana. Kuwafunga pamoja kama baba na mwana, kwa kuwa tu wote ni weusi na wote wako Afrika, ni uvivu, na walioupigia kelele walikuwa na haki. Hata Misri na Buganda zina undugu wa karibu zaidi: maji yanayotoka ziwani pale Jinja ndiyo yanayofika Cairo. Niger haigusi hata tone la maji hayo.

Lakini mwenzetu wa Bukoba aliniambia jambo ambalo limekaa kichwani. Yeye ni Mhaya, na sekondari alisomea Uganda. Tulipoangalia pamoja picha za taifa hili zilipotoka, sisi wengine tulikuwa tunabishana kuhusu alama na bonasi. Yeye alisogeza uso mpaka karibu aguse kioo. Alikuwa anaangalia jengo. Katika mchezo, ajabu (jengo mashuhuri la kipekee) linaloendana na Buganda ni Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya nyasi pale Kasubi walipozikwa Makabaka wanne, kuanzia Mutesa wa Kwanza. Shule yao iliwahi kupelekwa pale kabla ya moto wa Machi 2010 ulioiteketeza. Alituonyesha kwa kidole jinsi dari lilivyofungwa kwa duara za matete, moja juu ya nyingine, 52, kila moja kwa ajili ya ukoo mmoja wa Waganda. Akatueleza lile pazia la nguo ya magome linalotenganisha wageni na upande walikolala wafalme, na jinsi walivyoambiwa wavue viatu na wakae chini juu ya majani.

"Walioweka hii," akasema, "kuna mtu waliyemuuliza. Hili huwezi kulichora kwa kubahatisha."

Sijui kama ni kweli kuna mtu aliulizwa. Ila naelewa alichokiona. Uwezo wa Buganda kwenye mchezo umejengwa juu ya maziwa, na kuna hata Ziwa la Kabaka unalolichimba mwenyewe, kama Kabaka Mwanga alivyolichimbisha lile la kweli pale Mengo miaka ya 1880. Aliyekaa akafikiria hilo alikuwa na nia ya kujua Waganda ni nani.

Jambo jingine lililowakera mashabiki wengi wa huko nje ni kwamba mchezo ulipotoka Februari 2025, Uingereza haikuwemo. Ilikuja Machi, ndani ya nyongeza ya kulipia. Malalamiko yalikuwa mengi: vipi Buganda imo na Uingereza haimo? Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Mwaka 1894 Uingereza iliitangaza Buganda kuwa himaya yake, na mwaka 1900 ukatiwa saini ule mkataba uliogawa ardhi na kumfunga Kabaka mikono. Kwa wiki chache za mwaka 2025, kwenye skrini za watu duniani kote, kulikuwa na karne ya ishirini ambayo Kabaka anajenga reli yake mwenyewe na hakuna gavana wa kumwambia chochote. Naamini jambo hilo lina thamani. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayecheza hivyo anapata wazo ambalo kitabu cha darasani hakikuwahi kutupa sisi.

Sasa turudi kwa swali la dogo. Sisi tumekosa nini?

Ukweli ni kwamba hatujakosekana. Tumekuwemo, ila tumewekwa mahali pa kuchukuliwa. Katika toleo la sita, Zanzibar ni mji unaojitegemea ambao wewe mchezaji unautaka uwe chini ya ushawishi wako. Ukiupata, unapewa mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo huwezi kuzipata kwa njia nyingine, na kila moja inaridhisha miji sita wakati bidhaa za kawaida za anasa zinaridhisha minne. Kilwa Kisiwani nayo imo tangu 2018, kama ajabu la dunia. Yeyote anaweza kuijenga. Nimewahi kuona Kilwa imejengwa na Norway. Kilimanjaro upo pia, mlima wa kupendeza wa kuweka shamba pembeni yake. Viungo, jengo, mlima. Vyote vyetu, na hakuna hata kimoja kinachokuruhusu ukae kitini useme, mimi ni Mswahili na hii zamu ni yangu.

Aliyetupa kiti hicho kwanza, kwa michezo ya aina hii ninayoijua, ni Humankind, mchezo wa Amplitude wa Paris. Januari 2022 walitoa kifurushi cha tamaduni sita za Afrika, na Waswahili walikuwemo, na Wamasai pia. Siku ile nilicheza nikiwa nimefunga mlango. Nilitaka niwe peke yangu.

Kwa hiyo leo dogo alipouliza, mjadala ukageuka kuwa wa nani awekwe. Fundi simu wa pale kona, ambaye ni mtu wa Iringa, hakutaka hata kusikia jina jingine zaidi ya Mkwawa. Lugalo 1891, jeshi la Wajerumani lilivyofyekwa. Ngome ya Kalenga. Fuvu lililorudishwa 1954. Alisimama kabisa kulieleza. Mwingine akamtaja Mirambo, aliyeshika njia za misafara ya Unyamwezi mpaka wafanyabiashara wa pwani na wa Tabora wakamheshimu. Wote wawili wanafaa. Ni viongozi wa vita, na mchezo huu unapenda vita.

Na hapo ndipo mimi ninaposita. Mwaka 2018 Wacree, wenyeji wa asili wa Kanada, walipotangazwa katika toleo la sita, kiongozi wao akiwa Poundmaker, mashabiki walishangilia. Lakini Milton Tootoosis, mmoja wa viongozi wa jamii ya Poundmaker yenyewe, alisema hadharani kwamba mchezo unaendeleza uongo kuwa watu wake walikuwa na maadili yaleyale ya wakoloni, ya kushinda wengine na kuchukua ardhi yao. Na hakuna aliyekuwa amekuja kuwauliza. Safari hii, katika toleo la saba, kwa Washawnee, wenyeji wa asili wa Marekani, na kiongozi wao Tecumseh, Firaxis walifanya kazi na kabila lenyewe na chifu wao Ben Barnes. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko bonasi yoyote. Nikisikia siku moja Kilwa imetangazwa, nitakachotaka kujua kwanza ni kama kuna aliyepanda mashua pale Kilwa Masoko akavuka kwenda kukaa na wazee wa kisiwani.

Maana mimi kura yangu ni Kilwa, na niliitetea kwa hoja moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Katika michezo hii jahazi linakwenda popote, wakati wowote. Unabonyeza, linaondoka. Pwani yetu haikufanya kazi hivyo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, vyombo vinashuka kutoka Arabuni na India. Kusi ikishika, vinarudi. Katikati hapo mfanyabiashara hana pa kwenda. Anasubiri. Akisubiri anapanga nyumba, anakopesha, anakopa, anaoa, anachangia msikiti, anajifunza lugha, na mtoto wake anakuwa mtu wa mji. Kilwa ambayo msafiri Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, yenye msikiti wa mawe ya matumbawe, yenye jumba la Husuni Kubwa, yenye sarafu zake za shaba na dhahabu ya Sofala, ilijengwa na upepo na subira ya watu waliongoja upepo. Taifa la namna hiyo kwenye mchezo lingepata nguvu katika zamu ambazo meli zake zimetia nanga. Wengine wote wangehesabu zamu hizo kama hasara.

Dogo aliandika hilo kwenye simu yake. Fundi simu akasema ni zuri lakini nani atazuia Wareno wa 1505 walioivamia Kilwa. Tukacheka, ila ni swali la haki, na sikuwa na jibu zaidi ya ukuta na marafiki.

Jumamosi niliwahi kumpeleka dogo Kunduchi, kwenye magofu, maana alikuwa anapita Tegeta kila siku bila kujua yapo. Pale kwenye nguzo za makaburi, chini ya mibuyu, kuna mashimo ya mviringo kwenye chokaa. Aliingiza vidole humo, akazungusha. Nikamwambia palipachikwa mabakuli ya Kichina, yaliyofika hapa kwa pepo hizohizo, yakawekwa juu ya kaburi la mtu aliyeheshimika. Akauliza bakuli moja lilikuwa na thamani ya ng'ombe wangapi. Hilo ni swali la mtu anayefikiria kama mchezaji, na nililipenda.

Leo mjadala umeisha kwa kukubaliana kwamba hatutasubiri kutangazwa. Dogo anasema mchezo unaruhusu wachezaji kutengeneza mataifa yao na kuyaingiza, na atajifunza. Mwenzetu wa Bukoba atachora ramani. Mimi nimepewa orodha ya miji, kwa mpangilio ambao mchezaji ataijenga, na hapo ndipo tulipoanza upya. Kilwa ya kwanza, sawa. Songo Mnara ya pili, hakuna ubishi. Ya tatu mimi nilisema Kua ya Mafia, fundi simu akataka Kaole kwa kuwa mkewe ni wa Bagamoyo, na mwenye duka, ambaye alikuwa hajasema neno jioni nzima na asili yake ni Pate, akatoa kichwa dirishani kutuuliza kama kweli tunaandika miji ya Waswahili na Lamu haimo hata kwenye kumi bora. Nimeiweka ya nne kwa sasa. Mombasa tutaijadili kesho.