Hita ya maji na gari vilikuwa vinanyang'anyana umeme wa ziada wa sola, nilivyotatua

Hita yangu ina kile kifaa cha kuielekezea umeme wa ziada, chaja ya gari la umeme nayo ina sensa yake ya kupima hiyo ziada, sasa jua likiwaka vinaanza vurugu, hita ikipanda chaja inaona hakuna ziada inakata, hita ikishuka gari linaanza tena, hivyohivyo mchana kutwa.

Dawa ilikuwa kupanga nani aanze. Hita ni mpole, hata wati 200 inakula, ila gari halichaji chini ya ampea 6, kwenye volti 230 hiyo ni kama kilowati 1.4. Kwa hiyo gari kwanza, hita iokote makombo.

Fundi akahamisha sensa ya chaja ikakaa ndani zaidi ukitokea kwenye mita, baada ya tawi la hita (waya unaoenda kwenye hita), yaani haioni kabisa hita inakula nini. Sensa ya hita ikabaki karibu na mita inaona kila kitu, gari likivuta hita inapungua. Mawingu je? nimeiwekea chaja isubiri dakika chache kabla ya kukata, hapo katikati unavuta kidogo umeme wa gridi (wa mtandao wa nje) lakini afadhali kuliko kuwasha zima. Siku gari halipo maji yanapata moto mapema tu.