Nilivyodurusu fasihi ya Kiingereza kwa tamthilia moja

Mtihani wa Kiingereza wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200, na karatasi ya pili peke yake inabeba 80. Humo, ufahamu una alama 20, dondoo la kitabu teule 25, shairi 20 na sarufi 15. Nilipoamua kurudia mtihani mwaka 2019 kama mtahiniwa wa kibinafsi, miaka mingi baada ya kuacha shule, hesabu hiyo niliipiga kabla sijafungua kitabu chochote. Alama 65 kati ya 80 zilikuwa zinapima usomaji. Sarufi nikaitengea Jumapili asubuhi, na sitaizungumzia tena hapa.

Mchana nilikuwa nauza misumari, rangi na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi Kongowea. Kusoma kulikuwa baada ya Isha, mezani kwa dada yangu, pamoja na mpwa wangu aliyekuwa kidato cha tatu. Tulishirikiana kwa sababu kitabu chetu kilikuwa kimoja: tamthilia ya A Doll's House ya Henrik Ibsen, Mnorwe aliyeiandika mwaka 1879. Mpwa wangu alikuwa na daftari lililojaa istilahi na maana zake, kurasa kwa kurasa: tashbihi, istiari, tashihisi, kinaya, taswira, takriri, kisengere nyuma. Alizijua zote kwa moyo. Lakini katika karatasi za miaka ya nyuma tulizopitia, hatukukuta swali la kueleza maana ya kinaya. Swali lilikuwa: taja mbinu mbili zilizotumika katika dondoo hili, toa mfano, ueleze ufaafu wake, yaani inasaidia nini. Hilo la ufaafu ndilo lililokuwa likimla alama.

Basi tukaliweka daftari pembeni, tukakubaliana kila istilahi tuitafute ndani ya tamthilia ile ile moja, na kila tukiipata tujiulize: mwandishi angeiondoa, tungepoteza nini?

Kinaya ndicho kilichotuchukua muda zaidi, na kilistahili. Nora, mke wa Torvald Helmer, alikopa pesa kwa siri ili amwokoe mumewe aliyekuwa mgonjwa, na sahihi ya baba yake kwenye hati akaighushi mwenyewe. Torvald hajui. Sasa katika tendo la kwanza anamkalisha mkewe na kumsema vibaya Krogstad, mtu mwingine aliyewahi kughushi, na anaeleza kwamba mzazi mwongo huitia sumu nyumba nzima hadi watoto, tena hasa mama. Anamsema Krogstad, ila sisi tunaosoma tunasikia kila neno likimwangukia Nora.

"Mjomba, hapa andika: msomaji anajua, Torvald hajui," mpwa wangu akasema.

"Na ufaafu wake?"

Akafikiri. "Inatutia hofu kwa ajili ya Nora. Halafu inamwonyesha Torvald ni mtu wa kuhukumu bila kujua yaliyomo nyumbani kwake."

Alama zote hapo. Hakuwa amekariri chochote.

Ishara nazo zimetapakaa kila mahali katika tamthilia hii, pengine ndiyo sababu inasomesheka. Kuna kisanduku cha barua ambacho ufunguo wake anao Torvald peke yake. Kuna mti wa Krismasi ambao tendo la pili linapoanza umeshapukutishwa mapambo na mishumaa yake imeungua hadi chini, na ni wakati huo huo ambapo Nora anaanza kuishiwa mbinu. Halafu yapo majina ya kubembeleza. Torvald humwita mkewe kindi na ndege mwimbaji. Mwanafunzi mwingi angeandika "istiari" na kuendelea. Sisi tulikaa na swali letu: majina hayo yakiondoka, ni nini kinapotea? Kinachopotea ni kule kumwona Torvald akimfuga mtu mzima kama kiumbe cha kuchezea. Yaani istiari hiyo inajenga tabia ya msemaji kuliko ya msemwa. Mimi binafsi nadhani hapo ndipo nilipoanza kuifurahia kazi hii, na si mtu wa kusoma vitabu sana.

Kwa upande wa usomaji wenyewe, kuna ushauri unaosikika sana: anza na maswali, ndipo usome kifungu. Sikuufuata. Ukisoma ukiwa umebeba maswali kichwani, unaokota majibu na kuacha hadithi. Nilikuwa nasoma kifungu mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Mara ya pili nashika penseli na kuandika pambizoni mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimebadilika tangu mwanzo wa ukurasa. Maswali baadaye.

Stadi ngumu kuliko zote ni kung'amua jambo ambalo mwandishi hakulisema waziwazi. Nilijifunzia kwenye tarehe. Krogstad, ambaye ndiye aliyemkopesha Nora zile pesa, anamkumbusha kwamba baba yake alifariki tarehe 29 Septemba, kisha anamwonyesha hati: sahihi ya marehemu ina tarehe 2 Oktoba. Msomaji anayekimbia anapita. Anayesoma na penseli anasimama hapo, maana maiti haitii sahihi, na Krogstad kwa kuuliza hivyo tayari amemnasa Nora bila kutaja neno kughushi. Baada ya hapo nikawa nafanya mazoezi na chochote: taarifa za gazeti, matangazo ya kazi, hata barua za wenye deni pale dukani wanaoahidi kulipa "hivi karibuni".

Jambo jingine ambalo mpwa wangu alikuwa akilichanganya ni sifa ya mhusika na hali aliyo nayo kwa wakati huo. "Nora ana wasiwasi" si sifa. Wasiwasi unakuja na kuondoka. "Nora ni msiri" ni sifa, na ushahidi upo: hata kipini cha nywele kilichovunjika, ambacho Torvald anakikuta kwenye kufuli la kile kisanduku, anawasingizia watoto. Tulizigawa vivyo hivyo toni na hali: toni ni msimamo wa anayesema kuhusu anachokisema, hali ni hisia inayomwingia anayesoma. Shairi linaweza kusemwa kwa utani na likakuacha na huzuni.

Shairi ni habari nyingine, kwa sababu linalokuja kwenye mtihani hujawahi kuliona. Mbinu ya kitabu kimoja haikufai hapo, ila swali letu lilifaa. Kwanza nilikuwa natafuta anayesema ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mshairi: mwanamume mwenye mvi anaweza kuandika kwa sauti ya msichana wa miaka kumi. Pili nilitafuta mahali mawazo yanapogeuka, mara nyingi kwenye "lakini" au kwenye ubeti wa mwisho. Nikishapata hivyo viwili, dhamira huwa karibu. Nilikataa kuanza na kuwinda tamathali, kwa sababu ukizikusanya kabla hujajua nani analia na kwa nini, huna cha kusema ukifika kwenye ufaafu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na B ya Kiingereza, na niliridhika.

Kilichonishinda ni mdundo wa shairi la Kiingereza. Sisi tuliokulia kwenye tungo za kwetu tumezoea kuhesabu silabi: mizani minane, pumziko, mizani minane tena, ukikosea mmoja msikilizaji anakushika. Kiingereza chao kinafuata mkazo wa sauti, silabi ipi imetiwa mkazo na ipi imepita juu juu, na sikio langu hilo halilipati hata nikisomewa taratibu. Kwa hiyo nilijipangia kwamba likija swali la mdundo, nitataja vina na takriri, nieleze vinafanya nini katika shairi, kisha nihamie swali linalofuata.