Jinsi Nilivyojizoeza Kuzitofautisha Filamu za Mapigano

Mtu anayetazama filamu za mapigano kwa wingi hufika mahali ambapo zote huanza kufanana machoni pake. Stelingi ana kisasi cha kulipa au ana mtu wa kumwokoa, adui ana silaha nyingi na wafuasi wengi, muda unakwisha, magari yanapinduka, jengo linalipuka, na mwishoni wawili hao wanabaki peke yao wakitupiana ngumi. Hata hivyo, katika kundi hilohilo zimo filamu ninazozirudia mwaka hadi mwaka bila kuchoka, na zimo nyingine ambazo siku chache baada ya kuzitazama siwezi kueleza nani alimpiga nani na kwa sababu gani. Nilitaka kujua tofauti hiyo inatoka wapi, kwa kuwa kusema tu kwamba filamu hii ni kali na ile si kali hakumsaidii anayeuliza wala anayejibu. Nikajitungia utaratibu wangu wa kuzitazama, na nimeufuata kwa muda mrefu wa kutosha kuweza kueleza ulichonionyesha.

Jambo la kwanza nililoliamua lilikuwa kuiweka hadithi kando. Muhtasari wa filamu ya Die Hard ya mwaka 1988, yaani askari mmoja aliyenaswa ndani ya jengo refu pamoja na genge la majambazi wenye mateka, unaenea katika mstari mmoja, na mstari huohuo umekwisha kutumika ndani ya meli, ndani ya ndege na ndani ya treni bila filamu hizo kuwa na thamani sawa. Kama hadithi ndiyo ingekuwa kipimo, zote zingepaswa kupanda au kushuka pamoja. Kwa hiyo nilichagua tukio moja la mapambano kutoka kila filamu na kulitazama kwa njia tatu: kwanza kama mtazamaji yeyote, kisha nikiwa nimezima sauti, na hatimaye nikisimamisha picha mara kwa mara huku nikichora kwa penseli ramani ya mahali penyewe, nikionyesha mlango uko wapi, adui anatokea upande gani, na stelingi ana njia ipi ya kutorokea.

Ramani ndiyo iliyonifunza mengi kuliko vyote. Filamu ya Seven Samurai, ambayo mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa aliitoa mwaka 1954, inakuchorea ramani hiyo yenyewe. Kabla ya vita kuanza, kiongozi mzee wa samurai, yaani wapiganaji wa Japani ya zamani walioajiriwa kukilinda kijiji dhidi ya majambazi, anazunguka kijiji kizima, na mtazamaji anazunguka pamoja naye. Tunaona mashamba yatakayojazwa maji baada ya mavuno ili farasi wasipite, tunaliona daraja litakaloondolewa pamoja na nyumba chache za ng'ambo zitakazoachwa bila ulinzi, na tunaelezwa kwamba upande wa kaskazini utaachwa wazi kwa makusudi ili majambazi waingie pale ambapo wanangojewa. Mzee huyo ana karatasi yenye alama za duara, moja kwa kila jambazi, na kila anapouawa mmoja alama yake inakatwa. Kwa sababu hiyo, mvua inapoanza kunyesha katika pambano la mwisho na kila kitu kikageuka tope, mtazamaji bado anajua wamebaki wangapi na wanatokea wapi. Kurosawa alilipiga pambano hilo kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, nyingine zikiwa mbali zenye lenzi ndefu zinazovuta karibu kilicho mbali, na kwa hiyo farasi, watu na tope vinasongamana ndani ya fremu moja. Msongamano huo unatisha kwa kuwa tumekwisha kufahamishwa mpango, na tunaona kwa macho yetu mahali unapoanza kuvunjika.

Nilipoichora Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 nilitarajia kazi ngumu, kwa maana filamu hiyo ina takriban mikato 2,700, yaani mabadiliko kutoka picha moja hadi nyingine, ndani ya dakika 120, wastani usiofika sekunde tatu kwa kila picha. Kwa mwendo huo, filamu nyingine zingemwacha mtazamaji njiani. Lakini ramani yake ilichoreka kwa urahisi wa kushangaza: kuna lori kubwa lenye tangi, kuna wanaolifuata nyuma, kuna wanaolizunguka ubavuni, na safari ni kwenda na kisha kurudi kwa njia ileile. Mwongozaji George Miller na mpiga picha John Seale walihakikisha kwamba kitu muhimu katika kila picha kinakaa katikati ya fremu, ili picha inapobadilika jicho lisilazimike kukitafuta upya pembeni. Ukiisimamisha filamu hiyo karibu popote pale, utauona uso, mkono au bunduki palepale jicho lako lilipokuwa limetua. Mhariri Margaret Sixel alipokea saa 480 za picha na akazipunguza hadi saa mbili zinazoeleweka, na tuzo ya Oscar ya uhariri aliyopewa naiona kuwa miongoni mwa tuzo zilizostahiliwa zaidi katika fani hii.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri suala la kamera inayotikisika, ambalo wapenzi wa filamu hizi hulibishania sana. The Bourne Ultimatum ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Paul Greengrass, imepigwa kwa kamera ya mkononi na kukatwa kwa kasi kubwa, nayo ilipata tuzo tatu za Oscar, mojawapo ikiwa ya uhariri. Pambano la ndani ya nyumba kule Tangier, mji wa Morocco, halina muziki. Tunasikia pumzi, vishindo na vitu vinavyovunjika, na mkono unaokamata kitabu ili kukifanya silaha unaonekana vya kutosha kabla ya pigo kutua. Mtikisiko pale umepangwa kufuata mwendo wa miili, na kila mkato unaanzia pale mwendo uliotangulia ulipoishia. Filamu nyingi zilizofuata ziliuchukua mtikisiko na kuuacha mpango. Katika hizo, nilipojaribu kuchora, penseli ilikwama: mtu alikuwa kushoto, akawa kulia, mlango ukatoweka, na ngumi ikarushwa katika picha moja lakini katika picha iliyofuata hatukuonyeshwa imempata nani. Naamini kabisa kwamba kumnyima mtazamaji mahali ni kumnyima hofu, kwa kuwa hatuwezi kumhofia mtu aingiaye mlango ambao hatujui uko wapi.

Baada ya mahali nilihamia kwenye mwili, na hapo nilijiuliza swali moja kwa kila tukio: pigo hili linamgharimu nani, na gharama hiyo inadumu hadi lini? Katika Die Hard jibu linaanza kuandaliwa dakika za mwanzo kabisa. Abiria mwenzake ndani ya ndege anamshauri John McClane, yule askari, avue viatu akifika na kukunja vidole vya miguu juu ya zulia ili kuondoa uchovu wa safari. Anafanya hivyo, na wakati huohuo majambazi wanaliteka jengo, kwa hiyo anakimbia miguu mitupu. Anajaribu viatu vya jambazi aliyemuua, navyo havimtoshi. Baadaye kiongozi wa majambazi, Hans Gruber, anakutana naye ana kwa ana akijifanya mateka aliyetoroka, macho yake yanaiona miguu ile, na risasi zinapoanza kurushwa anaamuru vioo vipigwe. McClane anapita juu ya vigae, kisha tunamkuta bafuni akivichomoa kutoka kwenye nyayo huku akizungumza kwa redio na polisi aliye nje. Ushauri mdogo wa abiria umegeuka kuwa jeraha, jeraha limetokana na akili ya adui, na maumivu yake hayasahauliki katika tukio linalofuata. Sijaona mfano ulio wazi kuliko huo wa tukio la mapambano kufanya kazi ya hadithi.

Kuna njia nyingine ya kuuheshimu mwili, nayo ni kuonyesha kwamba kilichofanyika kimefanyika kweli. Mchekeshaji Buster Keaton aliijua tangu zama za filamu zisizo na sauti: katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928 ukuta mzima wa mbele ya nyumba unamwangukia, naye anapona kwa sababu amesimama pale hasa tundu la dirisha linapotua. Kamera imekaa mbali kidogo na haikati, kwa maana mkato wowote ungetufanya tushuku. Jackie Chan aliirithi kanuni hiyo. Mwishoni mwa Police Story ya mwaka 1985, anaruka kutoka ghorofa ya juu ya jengo la maduka, anaukamata mlingoti uliozungushiwa taa, na kuteleza nao hadi chini huku taa zikipasuka. Tendo hilo linarudiwa kutoka pembe tofauti, jambo ambalo katika filamu ya kawaida lingekuwa kosa la uhariri, lakini hapa ni ushahidi unaotolewa kwa mtazamaji. Mikono yake iliungua kweli, na majina ya mwisho yanapopita tunaonyeshwa ajali za wakati wa utengenezaji.

Ningependa kuongeza hapa kwamba watu wanaojitupa, wanaoungua na wanaogongwa kwa niaba ya waigizaji wamefanya kazi kwa miongo mingi bila kutambuliwa inavyostahili. Chad Stahelski, ambaye alimwakilisha Keanu Reeves katika vitendo vya hatari vya The Matrix, baadaye aliongoza John Wick ya mwaka 2014, na utaalamu wake unaonekana katika kila picha ndefu inayotuacha tuone mwili mzima, pamoja na risasi zinazokwisha na bunduki inayopaswa kujazwa upya. Mwaka 2025 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ilitangaza kwamba itaanza kutoa tuzo ya ubunifu wa vitendo vya hatari kwa filamu zitakazotoka kuanzia mwaka 2027. Nilifurahi mno kusikia habari hiyo, na bado naona kwamba ilichelewa.

Kuzima sauti kulinifunza jambo ambalo nisingeligundua kwa macho. Nilipolitazama tukio bila sauti na kisha kuirejesha, nilitambua mara moja ni filamu zipi zinaegemea muziki ili kunisukuma moyo. Katika Bullitt ya mwaka 1968, wakati magari mawili, Mustang ya kijani na Dodge Charger nyeusi, yanazungukana polepole katika mitaa ya San Francisco, muziki upo. Kufukuzana kwenyewe kunapoanza muziki unanyamaza, na kwa dakika zilizobaki tunaachiwa injini, gia na matairi. Michael Mann katika Heat ya mwaka 1995 alitumia milio ya bunduki iliyorekodiwa palepale barabarani, ikiwa na mwangwi wake unaogonga majengo ya Los Angeles, na mpaka leo mapambano mengi ya risasi yaliyosafishwa studio husikika mepesi nikiyalinganisha nayo.

Kuhusu adui sitasema mengi, isipokuwa kwamba humtambua vizuri zaidi kwa namna anavyopigana kuliko kwa hotuba zake. Katika The Raid ya mwaka 2011, filamu ya Indonesia iliyojengwa juu ya mchezo wa pencak silat, yaani sanaa ya mapigano ya huko, yupo mtu aitwaye Mad Dog ambaye tayari amemwelekezea askari bunduki, naye anaiweka kando ili wapigane kwa mikono, kwa sababu hicho ndicho anachokipenda. Kitendo hicho kimoja kinatosha, na kila pigo linalofuata linatuambia habari zake.

Utaratibu wangu ulipata mtihani wake mkubwa katika filamu ambazo miili yake haina uzito. Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee, iliyotoka mwaka 2000 na kupangiwa mapigano na Yuen Woo-ping, inawapaisha wapiganaji wake juu ya paa na juu ya vilele vya mianzi, na kwa kipimo cha gharama ya mwili ingepaswa kuanguka. Haikuanguka, na ilinibidi nitafute sababu. Nilirudi kwenye tukio la msitu wa mianzi na kuona kwamba shina linainama mpiganaji anapotua, linachelewa kidogo, kisha linamrusha linaponyooka. Anayetulia huweza kusimama juu ya tawi jembamba, na anayehamaki huteleza. Filamu imejiwekea sheria yake ya uzito, na sheria hiyo inafuatana na tabia, kwani mkubwa kwa umri ametulia na kijana anahangaika. Speed ya mwaka 1994 inafanya jambo lilelile kwa njia nyepesi: basi likishavuka maili 50 kwa saa, yaani karibu kilomita 80, bomu linakuwa tayari, na likishuka chini ya hapo linalipuka, hivyo kila kona, kila msongamano na kila mshale wa kipimo cha mwendo vinapata maana kutokana na sheria hiyo moja. Tangu hapo nimeongeza swali jingine kando ya ramani zangu: filamu hii imejiwekea sheria gani, na inaitii hadi lini? Kwa filamu ambazo picha za kompyuta humruhusu stelingi kuanguka kutoka angani na kuinuka akipangusa vumbi, swali hilo ndilo linalonipa jibu la haraka zaidi, kwa kuwa mara nyingi sheria inavunjwa kabla ya nusu ya kwanza kwisha, na kuanzia hapo penseli yangu haina cha kuchora.