Nyumba ya Bi Beatrice

Nimerudi kutoka Shela, kijiji cha ufuoni hapa Lamu, kwa miguu, suruali nimeikunja hadi magotini maana maji yalikuwa yamejaa. Wimbo wa kuwakaribisha wageni (unaujua, kila Mkenya anaujua) nimeupiga mara tatu leo, kwa sababu wageni waliingia kwa mafungu matatu. Silalamiki, ndio unaolipa karo. Ila vidole vimeshaijua njia vyenyewe. Mimi nabaki kutazama sahani za kamba zikipita.

Sasa niko darini na Sam Rivers, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, masikioni. Jina hili aliniandikia mgeni mmoja nyuma ya risiti. Mara ya kwanza nilidhani vyombo vinagombana. Kisha nikaisikia ile saksafoni yake ya soprano, nikasema hii ni zumari! Pumzi ileile isiyomwachia mchezaji akapumzika. Jukwaani angeiweka saksafoni, akaokota filimbi, mara yuko kwenye piano, na muziki haujakatika.

Alizaliwa Oklahoma mwaka 1923. Mwaka 1964 alikwenda Japani na bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta maarufu, baada ya kuombewa nafasi na Tony Williams, kijana mpiga ngoma aliyekuwa akicheza naye Boston tangu utotoni. Ziara ikaisha, nafasi ikaenda kwa mpiga saksafoni mwingine, Wayne Shorter. Mwishoni mwa mwaka huohuo akarekodi santuri yake ya kwanza kama kiongozi. Alikuwa na miaka 41. Mimi nina 43, basi tuliache hilo.

Lililonikamata zaidi ni nyumba. Miaka ya sabini yeye na mkewe, Beatrice, walifungua mlango wao mtaa wa Bond, New York, wanamuziki wa jazi huru, ile isiyofungwa na kanuni za kawaida, wakapata pa kupigia bila kumbembeleza mwenye klabu. Wakapaita Studio Rivbea: Riv ya mume, Bea ya mke. Katika ile santuri ya kwanza mna wimbo uitwao kwa jina la mkewe, na ndio mpole kuliko zote. Kwa haki. Mimi niliwahi kuleta watu sita na matari sebuleni. Mara ya kwanza mama watoto alitupikia kahawa ya tangawizi. Mara ya tatu akauliza, "Baba Zaituni, huu mkeka umeukodisha?"

Miaka ya tisini Rivers akahamia Orlando, Florida, mji unaokula kwa watalii. Huko akakuta wapigaji hodari wanaopata riziki kwenye bustani za burudani, mchana kutwa wakiwafurahisha wageni. Akawakusanya, wakawa bendi kubwa ya kupiga tungo zake ngumu. Alifia hukohuko Desemba 2011, na miaka 88.

Hapo nikauzima muziki, nikaanza kuhesabu. Mpiga udi wa hoteli ile ya ufuoni. Yule wa dumbaki anayevalishwa kikoi kipya kila Jumamosi. Kijana wa zumari anayeitwa kwenye harusi za wageni, apige dakika tano wapige picha. Sote hodari, sote na wimbo uleule.

Nimewatumia ujumbe: Ijumaa baada ya Isha, kwangu. Mama watoto amekubali kwa masharti mawili. Saa nne mwisho, na zumari ibaki darini.